Damu inatembea au imesimama? Uzoefu wangu na Stall Catchers

Skrini ni nyeusi, na ndani yake vijia vyeupe vinajipinda kama mizizi. Kimoja kimezungushiwa mstari wa rangi. Naburuta kidole taratibu, picha inasonga fremu kwa fremu ndani ya ubongo wa panya aliye hai, nami natafuta kitu kimoja tu: doa jeusi. Doa likihama, damu inatembea. Likibaki palepale, mshipa umeziba. Nabonyeza jibu, inakuja video nyingine.

Huo ndio Stall Catchers, mchezo wa mtandaoni ulioanza mwaka 2016, ambamo watu wa kawaida huwasaidia watafiti kutafuta mishipa iliyoziba. Kuucheza ni bure. Maelezo yake ni ya Kiingereza, ila ukishafanya mazoezi ya mwanzo kazi inayobaki ni ya macho.

Nimeucheza kwa miezi kadhaa kwa sababu moja: shangazi yangu ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofifisha kumbukumbu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliona kwamba kwa panya wenye hali inayofanana na ugonjwa huo, takriban asilimia 2 ya kapilari za ubongo, ile mishipa myembamba kuliko yote, huwa zimeziba kwa sababu chembe nyeupe za damu zimenata kwenye kuta zake. Asilimia 2 inaonekana si kitu. Lakini kapilari moja ikiziba, zilizo mbele yake nazo hupunguziwa damu, na hasara inaenea. Mwaka 2019 watafiti hao walichapisha matokeo kwamba chembe hizo zikizuiwa zisinate, damu inaongezeka na panya wanafanya vizuri zaidi majaribio ya kumbukumbu ndani ya saa chache tu. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza nikatulia.

Kikwazo ni kuhesabu. Picha za jaribio moja zina mishipa chungu nzima, na kila mmoja lazima uangaliwe peke yake. Damu ya panya hutiwa rangi inayong'aa, na kwa kuwa chembe nyekundu haziinywi rangi hiyo, zinapita kama vivuli vyeusi. Ndivyo vivuli tunavyovifuatilia sisi wa nje, kila mtu alipo.

Nakiri nilianza kwa mashaka. Kabla ya hapo nilikuwa nimelipia huduma nyingine ya mtandaoni, ambayo unaeleza dalili zako na watu usiowajua wanakisia ugonjwa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi usiku. Nilijibiwa kisukari, nikajibiwa shingo, nikajibiwa ukosefu wa vitamini, na aliyeandika kwa ukali zaidi ndiye wengine walimfuata. Hakuna aliyeuliza huyo amewahi kupatia mara ngapi. Baadaye daktari aliniinamisha kiganja, akaniuliza ni vidole gani hasa, akasema ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wiki tatu za hofu ziliishia hapo, na hasira ya wiki hizo ninayo bado.

Kwenye Stall Catchers, wingi wa watu haujaachwa uende wenyewe. Katikati ya video za utafiti wanapenyeza nyingine ambazo jibu lake linajulikana tayari. Ukipatia, kipimo cha buluu pembeni kinapanda; ukikosea, kinashuka. Na mshipa mmoja hauamuliwi na mtu mmoja: unaonyeshwa kwa watu kadhaa, kisha majibu yao yanaunganishwa. Siku niliyocheza nimechoka baada ya kazi, kipimo changu kilishuka mno, na nilishukuru kuona hivyo. Kwa nini jibu la mtu anayesinzia liwe na uzito sawa na la mtu aliye macho? Mimi ningetaka kila huduma ya afya inayotegemea maoni ya wengi ipimwe kwa swali hilo kabla ya kuaminiwa.

Kwamba umma unaweza kazi ya kweli, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2011 wachezaji wa mchezo mwingine, Foldit, walitengeneza ndani ya wiki chache modeli ya umbo la kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za kikemikali, cha kirusi cha nyani; umbo hilo lilikuwa limewashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi.

Ukitaka kujaribu, tumia skrini kubwa kama unayo, na usiharakishe. Nukta moja iliyofifia ndiyo mara nyingi inayoamua. Usitarajie dawa kesho. Hawa ni panya, na kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni safari ndefu.

Jumapili iliyopita shangazi alikaa karibu yangu. "Mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Natafuta damu iliyosimama, shangazi."

Akavaa miwani, akaniangalia nikiburuta mbele na nyuma, mara tatu, mara nne. Kisha akagusa kioo kwa kidole. "Hiki hakisogei."

Nikabonyeza kwamba mshipa umeziba. Haikuwa video ya kupimia, kwa hiyo kipimo hakikupanda wala kushuka. Jibu lake limekwenda kuungana na majibu ya wengine.