DokuWiki ofisini kwetu Dodoma: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Tunachimba visima na kufunga pampu za sola. Ofisi iko Nkuhungu, wateja wengi wako Bahi, Chamwino na Kongwa. Kwa miaka mingi kumbukumbu za visima zilikaa sehemu tatu: kaunta buku la fundi mkuu, simu yangu, na kundi letu la WhatsApp. La kuaminika lilikuwa hilo daftari. Fundi mkuu alipostaafu akarudi kwao Mpwapwa alituachia, lakini vifupisho vyake alivijua mwenyewe. "S 38, P 50, m.ch." Karibu kila siku tulimpigia simu. S ni usawa wa maji, P ni pampu ilipofungwa. M.ch. hatukuuliza, kwa mtu anayefanya kazi Bahi, ni nini kingine zaidi ya maji ya chumvi?

Nilichagua DokuWiki, programu ya wiki, yaani kurasa ambazo kila mtu ofisini anaweza kuziandika na kuzihariri, kwa sababu haihitaji hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, na hata programu ikigoma utalifungua kwa Notepad ulisome. Ni programu huria, haina malipo. Andreas Gohr aliitoa mwaka 2004. Niliiweka kwenye kompyuta moja ya ofisini, kila aliye kwenye Wi-Fi yetu akawa anaifungua bila bando. Ijumaa jioni nanakili folda ya data kwenye flashi, basi, nakala ya akiba ndiyo hiyo.

Nilipoitangaza kwenye kikao niliulizwa: wiki hii au ijayo? Nikaeleza kwamba Ward Cunningham, Mmarekani aliyeanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, alilitoa jina kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, na kwa Kihawaii wiki wiki ni haraka haraka. Hilo walilishika papo hapo.

Kuhariri hawakuhariri. Miezi mitatu nzima niliandika peke yangu. Masahihisho yaliletwa kwa mdomo, mlangoni: "Dada, pale kwenye kile kisima cha shule, sidhani kama ni hivyo." Namwambia asahihishe mwenyewe. "Aa, dada, ule si ukurasa wako?" Na kurasa zilizotoka kwenye daftari ndiyo kabisa, nani amkosoe mzee?

Ikaja Oktoba. Kisima kimoja cha Bahi pampu ilikuwa inazima kila mchana. Kijana wetu alikwenda na ukurasa aliouchapisha: maji mita 38, pampu mita 50. Alipima akakuta maji yako mita 44 kabla hata ya kuvuta, na yakivutwa yanashuka hadi karibu na pampu, kontrola inaizima mota isizunguke bila maji. Waliongeza mabomba mawili ya mita tatu, ikatulia. Aliporudi alinisimulia yote, ukurasa hakuugusa.

Nikampigia mzee, nikaweka spika. "Mzee, kijana amekuta 44." Akasema: "Mimi nilipima Aprili, mvua ndiyo zinaisha, tena miaka sita sasa. Mwacheni aandike yake. Na yangu msiitoe, mjue kisima kinashuka kiasi gani."

Kijana akakaa, akaandika mstari wake. Nikawaonyesha wote historia ya ukurasa: toleo la zamani lipo, jina la aliyebadilisha na saa vipo, na matoleo mawili unaweza kuyaweka ubavu kwa ubavu ukaona kilichotoka na kilichoingia. Kuanzia siku hiyo walianza kuandika. Mimi naona sehemu hiyo ya historia ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa ofisi yenye wakubwa na wadogo.

Kasoro zipo. Majedwali unayachora kwa alama za mistari, inachosha. Mtu akiwa anahariri ukurasa, wengine wamefungiwa. Kwa kawaida kufuli hukaa dakika 15. Picha za simu zilikuwa zinakataliwa mpaka nilipoongeza kikomo cha ukubwa kwenye seva. Utafutaji nao haujui ngeli zetu: ukiandika kisima, hauleti visima. Dawa yake ni kuandika *sima, vyote vinakuja. Na ukiwa Kongwa huwezi kuifungua kompyuta ya Nkuhungu, kwa hiyo mafundi huchapisha kurasa kabla ya safari. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kitu kingine ninachokipenda ni viungo vyekundu. Ukitaja ukurasa ambao haujaandikwa, jina lake linakuwa jekundu, na kwangu hiyo ndiyo orodha ya kazi zilizobaki. Kimoja kilikaa chekundu muda mrefu: "vifupisho vya mzee". Mwezi uliopita alikuja mjini kwenye harusi, akapita kutusalimia, tukaketi naye na daftari, kifupisho kimoja kimoja. Tulipofika m.ch. akashangaa tunavyosoma. Mchanga. Kisima kinatoa mchanga, pampu ikisogezwa chini sana italiwa.

Visima vitatu tulikuwa tumeviandika vya chumvi. Kijana yule yule alifungua kurasa zote tatu akazisahihisha, mzee amekaa pembeni yake akimtajia kila kimoja mchanga unaanzia mita ngapi.