MiR250 katika Maghala na Viwanda vya Chai vya Mombasa

Mwenye ghala la Shimanzi au Changamwe anayetaka kununua roboti ya kubebea mizigo aanze na mzani, kabla hajavutiwa na namna chombo hicho kinavyojiendesha chenyewe. MiR250, ya kampuni ya Mobile Industrial Robots iliyoanzishwa mwaka 2013 mjini Odense, Denmark, hubeba kilo 250. Mfuko wa chai inayoletwa mnadani huweza kufika kilo 60 au kuzidi, kwa hiyo roboti hii haitabeba zaidi ya mifuko minne, ilhali paleti iliyopangwa mifuko 20 hupita tani moja. Kazi ya paleti za chai, basi, haiiwezi. MiR1350 ya kampuni hiyohiyo, ibebayo kilo 1,350, ndiyo ya kuulizia.

Sifa za MiR250 zinaonekana kwenye kiwanda cha kufungasha, ambako katoni hutoka kwenye mashine kwenda stoo kwa njia ileile fupi mchana kutwa. Haihitaji utepe wa sumaku sakafuni kama magari ya zamani yasiyo na dereva: huongozwa mara ya kwanza kuzunguka jengo huku leza zake zikichora ramani, na baada ya hapo hujitafutia njia, ikisimama au kuzunguka mtu anapoikatiza mbele. Kwa upana wa sentimita 58 hupenya vichochoro ambavyo foklifti haiviwezi. Mwendo wake wa juu ni mita 2 kwa sekunde, ingawa penye pilikapilika za watu sitarajii ifikie hapo, na ni heri hivyo. Hutumia betri, nayo ikipungua roboti huenda yenyewe kwenye chaji, kwa hiyo stima ikikatika kwa muda mfupi kazi yake haisimami, mradi mtambo wa waifai una umeme wa akiba.

Kinachonitia shaka zaidi ni sakafu. Magodauni mengi ya zamani yana nyufa, vizingiti na miinuko ya kuelekea mlango wa kupakilia, na magurudumu madogo kama haya yanataka sakafu iliyosawazishwa, gharama ambayo haimo katika bei ya roboti. Vumbi la chai nalo litadai vioo vya leza vifutwe mara kwa mara.

Isitoshe, roboti haipakii wala haipakui. Meza ya rola ya kupokelea katoni hununuliwa kando, na uzito wake huhesabiwa ndani ya zile kilo 250. Kujaza kontena kutabaki kwa makuli na foklifti.

Kiwanda chenye shifti moja na umbali mfupi kitatosheka na toroli. Chenye shifti mbili au tatu kidai majaribio kwenye sakafu yake chenyewe, siku ya kazi nyingi, foklifti zikipita, kabla ya kulipa chochote.