Nililipa 18,000 nikaambiwa nasema "tuko pamoja" mara 41

Haya wenzangu wa chaki, watu watatu sasa wameniuliza kama ile kozi ya kufunza wahadhiri jinsi ya kufundisha nilifanya huko Ngara inafaa ama ni kutupa pesa, basi wacha niandike mara moja niache kurudia. Jina la hao watu sitaji juu kuna mahali nitawachoma, anayelitaka anitafute pembeni.

Kwanza mjue nilikuwa natoka wapi. Mimi ni wa kandarasi, nafundisha takwimu za mwaka wa kwanza kwa vyuo viwili hapa Nairobi, darasa moja lina watu zaidi ya 300 na maiki ambayo siku zingine inakubali siku zingine imenuna. Kazi nilipewa juu ya masters, hakuna mtu aliwahi kuniuliza kama najua kufundisha. Mwalimu wa praimari lazima apitie chuo cha ualimu lakini sisi unatumiwa silabasi Ijumaa jioni na Jumatatu saa mbili uko mbele ya watu. Semista iliyopita orodha ya sapu, wale wameanguka na lazima warudie mtihani, ilijaa ukurasa wa kwanza ikaingia wa pili, ndio nikaanza kujiuliza kama shida ni wao kweli.

Kozi ni Jumamosi nne, kuanzia saa tatu hadi saa tisa, halafu mtu anakuja kukuangalia ukifundisha darasa lako mwenyewe. 18,000, unalipa kwa M-Pesa mara mbili. Walio kwa pei ya kudumu walilipiwa na idara zao, sisi wengine tulijilipia na ile pesa ya semista iliyopita ambayo bado haijaingia.

Jumamosi mbili za kwanza, jameni. Jamaa anasimama mbele anasoma slaidi neno kwa neno, na slaidi zenyewe zinasema mwanafunzi asikalishwe tu akisikiliza, nasi tumekalishwa tunasikiliza kuanzia asubuhi. Tukapigwa saa mbili za ngazi za Bloom, zile zinapanga viwango vya kufikiri kutoka kukumbuka tu kwenda juu, ile ya 1956 na ile ilirekebishwa 2001 wakaweka kuunda juu kabisa, tukaambiwa tuzikariri juu kutakuwa na jaribio. Kukariri! Kwa Bloom hapo ni ngazi ya chini kabisa. Niliangalia jirani yangu, dada mmoja wa uhandisi, tukacheka hadi tukaangaliwa vibaya.

Kipindi cha ChatGPT ndicho kilinikasirisha zaidi. Ushauri wote ulikuwa nunua programu ya kugundua asaimenti ya mashine, mambo yaishe. Nikainua mkono nikasema hata OpenAI wenyewe, wenye hiyo ChatGPT, walitoa kigunduzi chao wakakizima Julai 2023 juu kilikuwa kinakosea sana, sasa mimi nitamnyima mtoto wa watu alama kwa kubahatisha? Nikaambiwa tutarudi kwa hilo swali. Hatukurudi. Na wale watoto wa CBC, ule mtaala mpya wa umilisi, walioingia gredi ya 10 Januari 2026, ambao watatubishia mlango 2029, walipewa dakika kumi kabla ya chakula, wakati hilo ndilo kila mtu chumbani alitaka kusikia.

Sasa Jumamosi ya tatu alikuja mama mwingine, mwalimu mstaafu, mpole, hana hata slaidi moja. Akatupa hadithi ya Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, ambaye miaka ya tisini ilipoanza aligundua wanafunzi wake wanapiga hesabu ngumu vizuri lakini ukiwauliza swali rahisi la maana ya hizo hesabu wanapotea. Akaanza kuuliza swali moja gumu katikati ya lekcha, kila mtu anapiga kura peke yake, halafu wanabishana na majirani, halafu wanapiga kura tena. Huyo mama hakutueleza tu, alitufanyia sisi wenyewe, na mimi nilipiga kura vibaya raundi ya kwanza nikageuzwa na yule dada wa uhandisi.

Nilienda nikajaribu wiki hiyo hiyo. Swali langu: matatu ya abiria 14 iko Thika Road, mmoja anashuka Pangani na kiti chake kinachukuliwa na bilionea, kati ya wastani wa mapato ya abiria na ile namba ya katikati, gani itaruka? Wapige kura kwa vidole, mkono kifuani ili jirani asione. Wengi walisema zote mbili zinaruka. Nikawaambia geukeni mbishane, na hapo ukumbi ulilipuka kama stejini saa kumi na mbili jioni, kijana mmoja anapiga kelele "lakini huyo tajiri amekaa mwisho wa foleni, katikati hajafika!" Raundi ya pili karibu wote walikuwa wamepata. Mimi hilo jambo nilikuwa nimelieleza kwa ubao semista tatu mfululizo bila mafanikio.

Lakini kitu cha pesa yako ni ule ukaguzi. Huyo huyo mama alikuja akakaa nyuma kabisa na karatasi amechora viti vya ukumbi na simu ya kupima sekunde. Hakusema neno. Baadaye tukakaa kwa kibanda cha chai akanionyesha: maswali yangu karibu yote yalienda kwa watu wanne wa mbele kulia. Nikiuliza, nasubiri kama sekunde moja tu kisha najijibu. Akaniambia mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima hii kitu huko Marekani, makala yake ya 1974, akakuta walimu wengi wako hapo hapo kwa sekunde moja, na wakifika tatu majibu yanakuwa marefu na hata walionyamaza wanaanza kuongea. Na nimesema "tuko pamoja?" mara 41 kwa saa mbili, na mara zote 41 darasa liliitikia "ndiooo" kama kwaya. "Mwalimu, umewahi kusikia wakisema hapana?" Niliona haya kweli.

Sekunde tatu mbele ya watu 300 ni ndefu ajabu, jaribuni. Mimi huhesabu moyoni nikishika kiti.

Mambo mengine haraka haraka. Chai ya saa nne iko sawa, mandazi moto. Waifai ni ya kuomba Mungu, na kipindi cha Moodle, ule mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, kilifanywa kwa picha za skrini juu ya hiyo. Choo kimoja kwa watu 35. Cheti kilichelewa wiki sita kisha kikaja jina langu limekosewa, nimekirudisha na bado nangoja.

Kozi nzima nawapa tatu kwa tano. Ila nilipoenda kufuatilia cheti nikasikia ukaguzi peke yake huuzwa 6,500, hawautangazi popote, ni uulize pale mapokezi na useme wazi unataka yule mama mstaafu. Huja Jumanne na Alhamisi tu, na mimi nimeshamlipia arudi semista hii ahesabu tena.