Hoi An, Vietnam: siku nne kwenye mji uliokuwa ukingoja upepo

Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Nikienda kuangalia mji wa kale wa watu wengine, macho yangu hukimbilia kuta kwanza: chokaa imeshika au inabanduka, boriti ni za mti gani, na ghorofani wanaishi watu au pamekuwa duka tu. Februari 2025 mimi na mume wangu tulikaa siku nne Hoi An, katikati ya Vietnam. Nimeona niandike kwa kirefu, maana karibu yote niliyosoma kabla ya kwenda yalihusu taa za rangi na picha za usiku. Taa zipo, na ni nzuri kweli, lakini mimi si hizo zinazonitamanisha kurudi.

Safari yenyewe si ngumu. Viza tuliiomba kwenye intaneti, dola 25 kwa mtu kwa kuingia mara moja, na inakuruhusu kukaa hadi siku 90. Tulipitia Doha hadi Hanoi, tukachukua ndege ya ndani hadi Da Nang, na kutoka hapo teksi kama kilomita 30. Hoi An haina uwanja wake. Tiketi ya mji wa kale kwa mgeni ilikuwa dong 120,000, haifiki hata dola tano, na ina vipande vya kukatwa kila unapoingia nyumba au hekalu ulilochagua. Nilisikia watalii wakinung'unika kwamba wanalipishwa kutembea mtaani. Mimi nililipa kwa roho safi, kwa sababu sehemu ya fedha ile hurudi kwenye matengenezo ya majengo. Sisi tulioiona Beit al-Ajaib ikiporomoka Desemba 2020 hatuhitaji kuambiwa nyumba ya kale isiyoshughulikiwa huishia wapi.

Hoi An ilikuwa bandari kubwa karne ya 16 na ya 17. Wachina na Wajapani walishuka na upepo wa kaskazini-mashariki, wakauza na kununua, kisha wakakaa miezi kungoja upepo ugeuke uwarudishe kwao. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa hilo. Ni kaskazi na kusi zile zile, ila katika bahari nyingine. Na anayengoja upepo hupanga nyumba, huoa, huzaa, hujenga mahali pake pa ibada. Baadaye mto Thu Bon ukajaa mchanga, meli kubwa zikashindwa kuingia, Wafaransa wakaipendelea Da Nang, na Hoi An ikasahauliwa. Kusahauliwa huko ndiko kulikoiokoa, maana hakuna aliyeona haja ya kuibomoa ajenge mpya. UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Nyumba iliyonishika zaidi ni ya Tan Ky. Mlango wa mbele uko mtaa mmoja na wa nyuma unatokea mtoni, ili mzigo uingie kutoka mashuani na mteja aingie kutoka barabarani. Nguzo zimepambwa kwa vipande vya chaza vinavyong'aa kila ukisogea. Wenyewe bado wanaishi humo, kizazi cha saba, na ndani tulipewa chai. Ukutani karibu na mlango wa mtoni tulikuta alama za mafuriko, kila moja na mwaka wake, ya 1964 ikiwa juu kabisa, juu ya kichwa cha mume wangu, naye si mfupi. Nilisimama hapo kwa muda. Watu hawa mto huwaingilia ndani karibu kila mwaka, Oktoba na Novemba, na hawajahama.

Jibu la namna wanavyoishi nao nililipata nyumba ya Phung Hung, upande wa pili wa Daraja la Kijapani, nitakalolieleza mbele. Ina nguzo 80 za mti mgumu, kila moja imekalishwa juu ya jiwe ili maji yasile mti. Sakafu ya ghorofa ina tundu lenye kifuniko. Mto ukipanda, bidhaa hupitishwa hapo kwenda juu na biashara inangoja. Fundi aliyelifikiria hilo alikuwa na akili, na hakuhitaji saruji.

Mkienda, tazameni juu ya milango. Pana macho mawili ya mti, ya duara, yamechongwa na kupigiliwa yakitazama mtaani, na kwa kuwa tulifika muda mfupi baada ya mwaka wao mpya, mengi yalikuwa yamevishwa kitambaa chekundu. Macho ya nyumba, wenyewe wanasema, ya kuilinda. Mashua zao nazo zimechorwa macho omoni. Nikaikumbuka mitepe, mashua za zamani za kwetu, ambazo nazo zilichorwa macho mbele.

Daraja la Kijapani, Chua Cau, ndilo lililo kwenye noti ya dong 20,000. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 16, lina paa na hekalu dogo ubavuni, na mbwa wawili wa sanamu upande mmoja na nyani wawili upande wa pili. Hadithi yake ni kwamba lipo dude kubwa chini ya ardhi, kichwa India, mkia Japani, na likijitikisa ndipo tetemeko linapotokea; daraja limewekwa kulikandamiza mgongo. Lilifunguliwa tena Agosti 2024 baada ya matengenezo ya karibu miaka miwili, na wapo waliolalamika kuwa sasa linaonekana jipya mno. Mimi sikubaliani nao. Rangi itafifia yenyewe kwa mvua, lakini mti uliooza haujiponyi. Liendee saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne hutapata pa kuweka mguu.

Wachina wa Fujian walijenga ukumbi wao, Phuc Kien, na kumweka humo Thien Hau, mlinzi wa mabaharia. Pembeni yake wamesimama wasaidizi wawili: mmoja husikia yanayokuja na upepo, mwingine huona maili elfu. Ubani wa misokoto mikubwa unaning'inia darini ukiungua polepole. Mimi ni Muislamu, niliingia kama mgeni na kutazama kwa adabu, lakini nilielewa hofu iliyoujenga ukumbi ule. Bibi yangu alikuwa akikaa na redio kila babu akiwa baharini.

Kuhusu chakula, maana najua wengi wenu mtauliza. Cao lau ndiyo sahani ya mji, tambi nene za mchele zinazolowekwa maji ya jivu, na wenyewe husema maji ni lazima yatoke kisima cha Ba Le. Huwekwa nguruwe juu. Neno la kushika ni "chay", yaani chakula kisicho na nyama wala samaki wala mchuzi wa samaki. Wabudha wengi hula hivyo tarehe 1 na 15 za mwezi wao wa kuandama, kwa hiyo si jambo la kuwashangaza. Cao lau chay yenye tofu niliila mara tatu. Ipo pia migahawa michache ya Kihindi yenye nyama halali.

Mafundi cherehani ni wengi ajabu. Mume wangu alipeleka kanzu yake ya mfano katika duka moja, akaahidiwa siku moja. Ilikuja kwa wakati, shingo imebana, na alipoivaa mara ya pili mishono ya kwapa ikafumuka. Duka likasema kitambaa ndicho kibaya. Tulikaa hapo hadi wakairudia. Ushauri wangu: ukitaka kushona, anza siku ya kwanza, upate nafasi ya kujaribu mara mbili, na usimalize kulipa kabla hujavaa.

Kilichonistahilia fedha zaidi ni udi. Nchi hii ya kati ilikuwa ya Wachamu, watu wa ufalme wa kale wa Champa, na udi wa Champa Waarabu wa zamani waliujua kwa jina lake, sanfi. Nilinunua kipande kidogo sana, ghali, baada ya kuomba kiunguzwe kwanza mbele yangu.

Usiku wa kumi na nne wa mwezi wao wa kuandama ulitukuta huko. Taa za umeme zilipunguzwa, tukapanda mashua kwa dong 150,000, na mto ukajaa mishumaa ndani ya karatasi. Kwetu ilikuwa Shaabani inakaribia nusu, mwezi ule ule juu. Ni pazuri, lakini ni umati, na muziki wa baa za ng'ambo unavuma juu ya maji.

Siku ya mwisho tulikodi baiskeli kuelekea pwani ya Cua Dai. Katikati ya mashamba ya mpunga kuna kaburi la mfanyabiashara wa Kijapani, Tani Yajirobei, aliyefariki mwaka 1647. Japani ilipojifunga na kuwaita watu wake, inasimuliwa, naye alianza safari, kisha akarudi Hoi An kwa mwanamke aliyempenda. Njia ni kijia chembamba juu ya tuta, mpunga ulikuwa mchanga na kijani pande zote, na hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mkulima na nyati wake. Kaburi limeelekezwa kaskazini-mashariki, upande wa Japani. Upepo wa Februari ulikuwa unatokea huko huko, na ulitupiga usoni tulipokuwa tumesimama tukimsomea jina.