Mtambo wa biogesi nyumbani Muheza: uzoefu wangu

Mtambo tunaoutumia hapa kijijini kwetu, wilayani Muheza mkoani Tanga, ni wa mita za ujazo 6, wenye kuba la matofali na saruji lililofukiwa ardhini, aina ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, imeieneza kwa wafugaji kwa miaka mingi. Unalishwa samadi ya ng'ombe watatu wa maziwa tunaowafuga ndani, ikikorogwa na maji ndoo kwa ndoo hadi iwe uji usio na mabonge wala majani, ambao ukioza humo ndani hutoa gesi ya kupikia.

Kwa upande wa moto sina lawama. Unawaka wa buluu, chakula hakinuki, sufuria hazishiki masizi, na chai ya alfajiri huwa tayari wakati jirani bado anapuliza mkaa. Maharage tunayaloweka tangu usiku ili kubana gesi. Palipotutesa ni kwenye bada, yaani ugali wa muhogo, maana ukiisonga kwa nguvu katika sufuria kubwa jiko zima linahama, jambo ambalo mafiga hayakuwa nalo, mpaka mchomeleaji alipotutengenezea fremu ya chuma ya kulishikilia.

Mwali ukianza kurukaruka, mara nyingi ni maji yaliyojikusanya ndani ya bomba. Unafungua koki ya kuyatolea, unayamwaga, na moto unatulia. Fundi aliyetujengea hakutueleza hilo, na tulipompigia simu alidai nauli na ujira kwa kazi ambayo sasa naifanya mwenyewe kabla ya kukamua.

Gharama isiyotajwa wakati wa kuuziwa ni maji. Kiangazi cha Januari na Februari kisima kikipungua, mtambo, ng'ombe na jiko vinagombea ndoo zilezile, ndiyo maana tumesakafia zizi ili mkojo wa ng'ombe uingie mtamboni na kupunguza maji tunayochota. Tope linalotoka upande wa pili tunalipeleka kwenye migomba na majani ya tembo, ambayo ng'ombe haohao wanayala.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, ingawa mazungumzo mengi ninayoyasikia huishia kwenye mitungi ya gesi. Mfugaji wa ndani mwenye maji karibu namshauri aanze na mtambo. Ambaye ng'ombe wake hushinda malishoni asijisumbue, kwa kuwa samadi yake nyingi inabaki huko. Na fedha ya mwisho ya fundi itolewe jiko likishawaka na koki ya maji ikishaonyeshwa, si shimo likishafukiwa.