Ruzuku ya mbolea: vocha ya karatasi au namba ya usajili?

Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, Tanzania, ubishi huu hurudi kila msimu: upi ulikuwa wazi zaidi, mfumo wa vocha (karatasi ya kununulia mbolea kwa bei ya ruzuku) ulioanza 2008, au usajili wa kidijitali wa tangu msimu wa 2022/23, ambapo mkulima hupewa namba?

Kwa upande wa uwazi, mimi naipendelea vocha kidogo. Majina yalipita kwenye kamati ya kijiji na mkutano mkuu, hivyo jirani aliweza kunyoosha mkono: "Huyu hana hata jaruba la mpunga!" Ila karatasi huuzika. Mkulima anasaini, mbolea inabaki kwa wakala anayeiuza, wanagawana pesa.

Namba inaacha alama kila mfuko unapotoka dukani. Vizuri, lakini alama hiyo anaiona mkaguzi, si mwanakijiji. (Nani kijijini amewahi kuoneshwa?) Na inadai mtandao; kisiwani Ukerewe ukikatika, unasubiri au unapanda kivuko mikono mitupu.

Mwenye simu na wakala wa karibu, namba inamfaa. Kijiji kinachomshuku mwenyekiti wake kinahitaji zaidi majina yasomwe mkutanoni, na orodha ya waliosajiliwa ibandikwe kwa mtendaji kabla mbolea haijafika.