Viatu vya soli ya swedi kwa anayeanza dansi za salsa na bachata: nunua, ila kisigino kiwe kifupi

Raba za mazoezi hazifai kwa salsa, hata ziwe nzuri namna gani. Mpira umetengenezwa ung'ang'anie sakafu. Mzunguko wa kulia unaisha ndani ya hatua tatu: ukiwa na raba, kiwiliwili kinageuka, mguu unabaki palepale, na goti ndilo linalosokotwa. Soli ya swedi, ile ngozi yenye manyoya mafupi, huteleza kiasi cha kukuruhusu uzunguke na hushika kiasi cha kukuzuia usianguke. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Vito na pambo la satini ni nyongeza tu.

Kosa la wanunuzi wengi ni kukimbilia sandali ya mchuchumio ya sentimita 7 na zaidi. Kisigino kile husukuma uzito kwenye sehemu ya mbele ya wayo, jambo analolitaka mchezaji mzoefu. Anayeanza bado anahesabu hatua za salsa, 1-2-3, 5-6-7, akisahau kwamba 4 na 8 hazina hatua, na muziki wa kasi unapita mipigo 200 kwa dakika. Akichelewa, hurefusha hatua ili aufikie muziki, kifundo kikapinda. Kiatu cha mazoezi ya dansi chenye kamba na kisigino kipana cha sentimita 3 hadi 4 humstahimilia makosa hayo. Hakipendezi sana pichani, ni kweli. Wanaume hawana shida hii: visigino vyao mara nyingi ni vifupi, na kiatu cha kawaida cha soli ya ngozi kinatosha kwa miezi ya mwanzo.

Kiatu kibane kuliko cha kutembelea. Ngozi hulegea baada ya kuvaliwa mara kadhaa. Satini hulegea kidogo mno. Kwenye sandali, vidole vifike ukingoni mwa soli bila kuuvuka. Ukikivaa, simama kwa mguu mmoja ugeuke nusu mzunguko: wayo ukiteleza ndani ya kiatu, hicho ni kikubwa, usidanganywe na soksi nene.

Udhaifu mkubwa wa soli ya swedi ni matunzo. Maji hulaza manyoya, saruji huyala, na nta ya sakafu huyajaza uchafu hadi soli inang'aa nyeusi na kuteleza kama sabuni. Hapo sugua kwa brashi ya waya, taratibu, kuelekea upande mmoja. Usifanye hivyo kila siku, maana kila msuguo unaondoa ngozi. Vibebe mfukoni, uvivae ukishaingia ukumbini. Kama kundi lenu hucheza nje, msinunue kabisa. Bachata ya kawaida nayo haina mizunguko mingi, hivyo kwa mchezaji wa bachata pekee ununuzi huu unaweza kusubiri.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: kwenye dansi za usiku watu hubadilishana wenza karibu kila wimbo, na ukumbi hujaa. Kisigino chembamba kikitua juu ya mguu wa jirani kinaumiza vibaya, kwa hiyo fupisha hatua, hasa unaporudisha mguu nyuma, na ukimkanyaga mtu mwombe radhi papo hapo. Kagua pia kofia ya plastiki chini ya kisigino. Ikilika hadi msumari utokeze, utachana sakafu ya mbao, na kwenye kumbi nyingi hutaruhusiwa kuingia navyo.